Winchi ya Karatasi

"Karatasi hii ilikunjwa na mutu mwenye hasira," fundi wa redio alilalamika, akaibomoa tena winchi ya karatasi ambayo Waridi na bintiye Houda waliigundisha siku tatu. "Mi siweki moteri juu ya kitu kimepinda, Mama Houda."

"Fundi, maonyesho ya sayansi ni saa tatu! Saa mbili imeshapita!"

Hasikii. Kabla ya kugusa waya, lazima aupulize kama uji wa moto, na kila kunjo alipitishe ukucha mara nne huku akiguna. Alipomaliza kuiunga upya, taa zake ndogo ziliwaka, lakini moteri ilipozunguka, winchi nzima ikatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Waridi akamwaga maneno yote aliyokuwa nayo. Fundi aliinama. Alivua kandambili yake ya kulia, akakata kisigino, akakilaza chini ya moteri. Tetemeko likakoma, ndoano ikapanda taratibu, na Houda, aliyekuwa akingoja mlangoni, akakimbia na winchi shuleni.

Waridi akautazama ule mguu mtupu kwenye vumbi. Akavua kandambili yake mwenyewe ya kulia, akamsukumia.

"Chukua. Sina deni na weye."

Fundi akaijaribu, akaguna. "Ni ndogo. Tena iko na maua."

"Vaa, Fundi!"

Akavaa.