Kimya cha Mpira wa Njuga

Tangu kazi inilete Voi, Jumamosi huwa haiishi. Nilipoalikwa kwenye klabu ya watu wenye ulemavu na wasio nao, nikajifanya mtu wa huruma. "Mimi nimekuja kuwasaidia tu," nikawaambia, na kila wiki nikawa narudia hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba chumbani kwangu mtaani Kaloleni hakuna wa kuniuliza kama nimekula.

Jumamosi iliyopita tulicheza ukumbini mpira wenye njuga ndani yake. Wote hufungwa kitambaa machoni, wanaoona na wasioona, kisha mnapiga magoti golini mkisikiliza mpira unakotokea. Niliwekwa kando ya Mghoi, ambaye haoni tangu utotoni na mpira haumpiti.

Refa akapuliza filimbi. Nikangoja. Sikusikia njuga, sikusikia mguu wala kikohozi. Akili yangu ikaniambia wameenda kunywa chai na kunisahau pale, nimepiga magoti kama anayeungama.

"Hata hawa wameniacha," nikasema kwa sauti, nikiamini niko peke yangu. "Kila wiki nawadanganya nimekuja kusaidia, na mji huu mzima sina hata mtu mmoja wa kunisalimia."

Kisha, karibu kabisa na bega langu, Mghoi akaninong'oneza: "Dada, nyamaza kwanza. Wakati wa kurusha mpira hatuongei."

Kumbe ukumbi mzima ulikuwepo, na wote wamenisikia. Njuga zikalia, mpira ukanipita ukaingia golini, na hakuna aliyeshangilia.