Kanga Ndani ya AC

Ndugu zangu, nisameheni kwa kukaa kimya tangu nijifungue. Leo nawapa sababu ya kunicheka.

Gari letu kuukuu linagonga mbele kila likiingia shimoni, na AC haitoi hata pumzi.
Jumapili tunapanda Mgeta kumbatiza Anitha. Kwa kifua chake na vumbi lile, vioo havifunguliwi.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wetu kule Kilakala. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Gesi uliyojaza ilikuwa ya uongo."

Fundi akapima gesi, ipo. Feni inazunguka.
Akaingiza koleo kwenye tundu la hewa, akavuta.
Kikatoka kipande cha kanga.
Tundu la pili, kanga tena.

"Mama Anitha, hii nayo ilikuja na gari?"

Jamani, ni mimi. Siku tunamtoa mtoto hospitali niliziba matundu yote kwa vipande vya kanga asipigwe na upepo, nikasukumia ndani kwa mpini wa kijiko. Nikasahau kabisa.

Nimemwomba radhi mbele ya wateja walewale.

Ila kugonga ni kweli, linki za stabilaiza, vile vyuma vya mbele vinavyozuia gari kuyumba, zimekwisha. Dada yangu wa Dar, ile gesi niliyokuomba acha. Nitumie linki mbili za mbele na bushi zake mbili za mpira, kwa basi la Ijumaa. Wengine tumeni vicheko, lakini linki zitangulie.