Sakafu Iliyokunywa Maji

Majirani zangu hapa Acocks Green huwasha jiko la makaa siku za baridi, kwa urembo tu, maana radieta wanazo. Moshi wake ukipenya dirishani kwangu, mie hufumba macho, na kitanda huanza kuelea.

Msinicheke. Mie ni mtu wa ndani. Kupanda basi kwenda kununua samaki Small Heath huniumiza kichwa tangu jana yake. Ila utotoni nimeizunguka Birmingham nzima, na karibu safari yote nilikuwa nimelala. Tuliishi kwenye boti ya mferejini, ndefu na nyembamba kama ukumbi wa nyumba isiyo na vyumba.

Hatukuwa na mahali petu pa kudumu pa kuifunga, kwa hiyo sheria ilitutaka tusogee kila baada ya muda. Baba alishika usukani nyuma, Mama akashuka kufungua malango yanayopandisha na kushusha maji, nami nikavuta blanketi. Mwanga wa maji ulicheza darini kama hariri inayopeperushwa. Tukiingia chini ya daraja ulizimika, matone yakagonga paa, halafu tukitoka ukarudi. Nyumba ilikwenda, mie sikutoka. Raha ile nimeitafuta kwenye makochi mengi, sijaipata.

"Boti haikulei," Baba alikuwa akisema, "wewe ndiye unayeilea." Na aliilea. Kabla ya kazi alitia grisi kwenye mhimili wa propela, akapima mafuta ya injini, akazoa majivu. Jumamosi alijaza tangi la maji kwa mpira na kumwaga ndoo ya choo, kazi ambayo hakuna aliyeigombania. Mara nyingine alilala kifudifudi, mkono majini mpaka kwapani, akifungua takataka zilizojisokota kwenye propela. Safari moja, upande wa Small Heath, alitoa sari nzima ya rangi ya machungwa. Mama akaifua, ikawa pazia.

Usafi wa ndani ulikuwa wa Mama, na Mama alilelewa Ng'ambo, Unguja, ambako sakafu ya saruji haipanguswi kama meza. Unamwaga ndoo ya maji ya sabuni, unasukuma kwa fagio hadi mlango wa uani, yanatoka yenyewe. Boti haina uani. Hilo halikumzuia. Alimwaga, akasukuma mpaka chini ya ngazi ya nyuma, na maji yakatoweka.

"Sakafu hii ina baraka," alisema. "Inakauka kabla sijaweka ndoo chini."

Majira ya baridi ya mwaka mmoja, boti ikaanza kukaa chini kwa nyuma. Chungwa likianguka mezani, lilibingirika lenyewe hadi kwenye ngazi. Baba akafungua ubao, akamulika tochi kwenye ngama, ule uvungu ulio kati ya sakafu na chuma cha chini. Maji. Akayatoa kwa pampu ya mkono gizani, akitoka kazini. Kesho yake yamerudi. Jirani yetu, Bwana Ken wa boti ya kijani, akaja akainama, akatikisa kichwa sana, akasema neno kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" Mama aliuliza.

"Anasema chuma kimeoza, pana tundu."

"Liko wapi?"

"Hajui."

"Mbona amenuna kama analijua?"

Boti yenye tundu hupandishwa chelezoni, na chuma kikionekana kimeoza kote, hairudi majini. Tungehamia Small Heath kwa Shangazi Zuhura, dada yake Baba, aliyebaki peke yake tangu mumewe afariki. Shangazi hakuipenda boti. "Nyumba isiyo na uani ni sanduku," alisema kila alipokuja, "na sanduku huwekwa nguo, haliwekwi mtoto."

Mie nililia ndani ya blanketi. Mama alihangaika kivingine. Mafundi wa chelezo wanakuja kuitazama boti, na hawatamkuta mwanamke wa Unguja na sakafu chafu! Akadeki asubuhi, akadeki jioni. Boti ikazidi kudidimia.

Jumapili Shangazi akafika na mifuko mikubwa ya kubebea nguo zetu. Baba alikuwa anapampu, safari hii mchana.

"Shikamoo, Shangazi," nilisema dirishani. Hakuitikia. Alikuwa anatazama mfereji. Maji ya pampu yalitapika povu jeupe, na mabata walilipasua taratibu kama wanaopita mawinguni. Akainama, akanusa.

"Wewe Suleiman, unanusa?"

"Kunusa nini, dada? Pua yangu imekwisha kwa dizeli. Na tunazama hapa."

"Mnazama kwenye sabuni ya ndimu! Niliyowaletea mimi!" Akaingiza kichwa mlangoni. "Wifi! Humu unadekije?"

"Kama watu. Namwaga, nasukuma."

"Unasukumia wapi?"

Mama akanyoosha kidole chini ya ngazi. Kidole kikabaki hapo hapo.

Baba alikaa ukingoni akacheka mpaka machozi. "Yarabi, mke wangu ananizamisha kwa usafi!" Bwana Ken naye akadai alijua tangu mwanzo. Shangazi alicheka kuliko wote. Akanywa chai, akakunja mifuko yake, akaenda kupanda basi. Tangu hapo sakafu ilifutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa, Mama akinung'unika kwamba tunaishi kwenye uchafu uliopanguswa. Boti ikainuka.

Baadaye tulikwenda kwa Shangazi kula pilau. Nikitafuta choo, nikafungua mlango siwo. Chumba kilinukia rangi mpya. Kitanda kidogo kilisogezwa dirishani, ili anayelala aone nje bila kunyanyuka. Nikamuuliza nani anakuja.

"Hakuna mtu, mwanangu. Kuta zilikuwa zimechakaa."

Nikaamini, nikakimbilia pilau.

Siku ile mferejini alihitaji kunyamaza tu. Povu lingepita chini ya daraja, Baba na Bwana Ken wangeapa ni kutu, nasi tungekuwa kwake kabla ya Magharibi. Miaka mingi tulimtania kwamba Shangazi Zuhura hawezi kufunga mdomo. Sasa nami naishi peke yangu, nina chumba kisicholala mtu, na najua jinsi alivyotamani kuufunga.