Aliirudisha ndege iliyombeba mumewe: ilikuwa barafu au wivu?

Saa mbili kasoro robo asubuhi, na jua la Winnipeg halina hata dalili ya kuchomoza. Donna Prystupa amesimama ndani ya kikapu cha chuma, mita kumi na mbili juu ya ardhi, ananyunyiza dawa moto ya kuyeyusha barafu kwenye bawa la ndege. Baridi ni nyuzi 29 chini ya sifuri. Kope zake zinashikana kwa barafu, na nyuma ya vioo vya ndege watu wamevaa kaptula.

"Hawa wanaenda Kuba," anasema kwenye redio ya upepo. Anaongea na dereva wake, Ruben Magsino, aliye chini kwenye lori lililobeba kikapu hicho. "Yule mwenye kofia ya ukindu ameshaanza kunikera."

"Mpungie mkono basi."

"Mpungie wewe!"

Kazi ya Donna, mwenye umri wa miaka 44, ni kuondoa barafu kwenye ndege kabla hazijaruka. Ameifanya kwa miaka kumi na moja, sasa kwa ujira wa dola 27 kwa saa, na hajawahi kupata likizo kati ya Novemba na Machi. Kikosini kwao, likizo ya majira ya baridi ni ya aliyetimiza miaka kumi na miwili. Kwa hiyo kila mwaka anawatazama wenzake wa mjini wakiacha makoti ndani ya gari na kukimbilia uwanjani na ndala, meno yakigongana, wakicheka.

"Kazi naipenda," anasema. "Abiria ndio siwapendi."

Mwezi uliopita, abiria hao walitoka nyumbani kwake.

Wifi yake, Lorraine, alikuwa anatimiza miaka hamsini. Akaamua kumlipia kaka yake Garth, ambaye ni mume wa Donna, wiki nzima kisiwani Kuba, pamoja na binti yao Tessa mwenye miaka 12. Donna naye alialikwa, ila ruhusa ya kazini hakuwa nayo. Garth akamuuliza jikoni: waende au wabaki?

"Nikamwambia, nendeni. Nilikuwa nasubiri aseme hapana, hatuendi bila wewe. Akasema asante mpenzi, akaenda kutafuta miwani ya jua."

Asubuhi ya safari, Donna hajapanda hata kikapuni, simu ikaita. Alikuwa Lorraine, ameshakaa kwenye kiti cha ndege.

"Wifi, tunaliona lori lenu! Umo?"

"Nimo."

"Haya, tuoshe vizuri, tusichelewe kuogelea. Tutakuletea mchanga kwenye chupa!"

Donna aliwaosha vizuri. Kwanza dawa ya kuyeyusha, kisha ile nzito ya kijani, ambayo huzuia theluji mpya isigande kwa muda. Tessa alibandika kiganja kwenye kioo. Ndege ikaondoka, ikajipanga kwenye foleni ya kuruka, karibu tu na hapo. Ndipo theluji ikazidi.

Donna alikuwa bado juu, akisubiri ndege nyingine, alipoona kitu kwenye ncha ya lile bawa. Kijani kilikuwa kimefifia, na mahali pake palikuwa na weupe mwepesi, kama utando wa maziwa.

"Hapo nilijiogopa," anasema. "Asubuhi nzima nilikuwa naomba ndege ile ikwame. Sifichi. Nilitaka Lorraine akae humo mpaka nguo ya kuogelea imbane. Sasa naona weupe, najiuliza, Donna, hiyo ni barafu au ni roho yako?"

Alimuuliza Ruben. Kutoka chini, Ruben hakuona kitu.

"Una uhakika?" Ruben akamuuliza.

"Sina."

"Hiyo ni ndege ya kina Garth. Ukikosea, hawatakusamehe."

"Na nisipokosea?"

Donna akabonyeza redio, akamwambia msimamizi ndege irudishwe.

Mkaguzi alipanda, akapapasa bawa kwa mkono. Barafu ilikuwa imeshika, ngumu, eneo la ukubwa wa meza ya kulia chakula. Ndege ilinyunyiziwa upya na kuruka ikiwa imechelewa karibu saa mbili.

Abiria hawakuelezwa hayo. Walichojua ni kwamba wamerudishwa. Ujumbe wa Lorraine ulifika mapema: "Wivu utakuua, wifi." Garth hakuandika chochote, na hilo ndilo lililomuuma Donna. Kwa wiki nzima alipokea picha za miguu mchangani, akazitazama zote, akazichukia zote, kisha akatoka nje kuondoa theluji mlangoni.

Garth alirudi ngozi ya pua ikibambuka. Hata viatu hakuvua.

"Niambie kweli, Donna. Ilikuwa barafu?"

"Ilikuwa barafu."

"Na wivu?"

"Ulikuwepo. Tena mwingi."

Garth akakaa kwenye ngazi, akainamisha kichwa. "Uliposema nendeni, nilijua humaanishi," akasema. "Nikajifanya sijui. Nilikuwa nataka sana kwenda."

Donna anasema angeweza kukasirika, lakini alichosikia kwanza ni nafuu. Kumbe si yeye peke yake aliyeficha kitu.

Oktoba ijayo atatimiza miaka kumi na miwili kazini. Fomu ya likizo ya Februari ameshaijaza. Lorraine bado anasema ule ulikuwa wivu mtupu, na Donna ameacha kubishana naye kwa kuwa nusu ya maneno hayo ni kweli. Kiti anachotaka ni cha dirishani, juu ya bawa.

"Siku hiyo mimi ndiye nitakayekuwa kikapuni," Ruben anasema kwenye redio. "Nitawarudisha mara mbili. Kwa wivu tu."

"Turudishe hata mara tatu," Donna anamjibu. "Nitakuwa nimekaa na watu wangu."