Loisi na Mjukuu Aliyechelewa

Loisi ni jirani yangu. Milango yetu inatazamana, na katika kikundi cha akina mama pale kanisani ndiye anayetuongoza kwenye maombi. Ukimwona huwezi kumdhania wivu. Ni mwembamba, mpole, sauti yake ya chini. Lakini mwaka jana mkwewe Anitha alipopitiliza siku za kujifungua, wivu ulimkaa Loisi mpaka uso ukapungua. Haya ninayoyaandika alinisimulia mwenyewe tukiwa tunamenya karanga, akaniambia niyaandike, huenda yakamfaa mama mwingine.

Kijiji chetu kiko upande wa pili wa reli, si mbali na stesheni ya Gulwe. Tunalima uwele, mtama, karanga, na alizeti kidogo. Loisi na mumewe Yotham wana mtoto wa kiume mmoja tu, Nathanaeli. Mabinti zao wawili wameolewa mbali, mmoja yuko Kikuyu, Dodoma mjini. Desturi ya wengi huku ni kwamba binti akibeba mimba ya kwanza anarudi kujifungulia kwa mama yake, ili mama ndiye ampokee mtoto. Mabinti wa Loisi hawakurudi. Kila mmoja alisema kwake hospitali iko karibu, mama usihangaike. Hivyo wajukuu wake aliwaona wakiwa wameshaanza kukaa, na walipomwona walilia.

Kwa hiyo Nathanaeli alipomwoa Anitha, binti wa Nzuguni, kule Dodoma mjini, na Anitha akawa mjamzito, Loisi alisema moyoni, wa kwangu hawakuja kwangu, basi na huyu wa kwao haendi kwao.

Mama yake Anitha anaitwa Anastazia. Anauza vitenge Nzuguni, na kwaya ya kanisa lao inamtegemea. Ni mwanamke wa kucheka na kuongea, mnene wa kupendeza. Siku ya harusi aliimba watu wakasahau chakula, na Loisi aliyekuwa amepika chakula hicho hakukisahau.

Sasa nieleze habari ya kupanda, maana mambo yote yalianzia hapo.

Sisi hatuhesabu miezi kwa kalenda. Tunahesabu kwa kazi. Mtu atakwambia alifiwa wakati wa kupalilia, au alihama wakati wa kupura mtama. Anitha alipokwenda zahanati, nesi alimuuliza mara ya mwisho kuona siku zake ilikuwa lini. Akajibu, tulipokuwa tunapanda. Nesi akahesabu kuanzia mvua za kwanza. Lakini mwaka ule tulipanda mara mbili. Mbegu za kwanza ziliota vizuri, halafu mvua ikakatika, jua likazibabua zote. Mwaka mpya ulipoingia tukarudi shambani kupanda upya.

Mavuno yakaingia ghalani, upepo wa vumbi ukaanza, na siku alizohesabu nesi zikafika, zikapita. Tumbo likabaki pale pale. Nesi akasema, huyu asikae tena hapa, aende hospitali ya mjini wamwangalie. Anastazia aliposikia, alipanda treni, akashuka Gulwe na begi kubwa.

"Nimemfuata mwanangu," alisema kabla hajakaa. "Gari la kukodi tutapata, hospitali iko karibu na kwangu. Akitoka huko nitamhudumia nyumbani."

Loisi alimkaribisha maji. Alipokwisha kunywa, akamwambia taratibu, "Mkwe, mmekosea hesabu. Mwaka huu tulipanda mara mbili. Huyu binti anasemea ile mara ya pili. Mtoto hajachelewa, siku zake bado."

Wote wakamgeukia Anitha. Anitha akasema siku zake zilikuwa za kuyumbayumba tangu usichana. Alikumbuka ni wakati wa kupanda, lakini ni kupanda kupi hakuwa na hakika. Yotham akashusha pumzi, akasema basi tumshukuru Mungu, tungoje. Nathanaeli akamwamini mama yake, kama alivyozoea.

Lakini Loisi alijua kwamba si kweli.

Siku ile ya kupanda mara ya pili, yeye na Anitha walikuwa mstari mmoja. Anitha alitupa jembe akainama pembeni, akatapika. Alipofuta mdomo alisema ni harufu ya dawa ya mbegu. Loisi aliendelea kufukia mbegu. Mbegu za mara ya pili hazikuwa na dawa, dawa iliisha kwenye zile za kwanza, na yeye ndiye aliyezichambua na kuzitia kwenye kibuyu. Amezaa watatu, anajua matapishi ya dawa na matapishi ya mtoto. Tangu siku ile alijua mkwe wake ana mimba changa, akafurahi peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani. Kwa hiyo hesabu ya nesi ilikuwa sahihi, na mtoto alikuwa amechelewa kweli.

"Nilijiambia Mungu anaweza," alinieleza. "Nilijiambia siku chache tu, atakuja mwenyewe, nitampokea, halafu nani atauliza."

Anastazia hakurudi Nzuguni. Alisema kama ni kungoja, atangojea hapo hapo. Ndipo Loisi akaanza kuteseka.

Asubuhi Loisi alipika uji wa uwele na karanga. Anastazia akauonja.

"Mkwe, huu uji una mchanga au ni meno yangu?"

"Ni meno, Mama Anitha. Huku tunasaga nafaka yenyewe. Mjini mnakunywa unga mweupe mkidhani ni uji."

"Aah, ndiyo maana nyie mko wembamba. Chakula kinawachuja tumbo."

Anitha alicheka, na Loisi alimchukia Anastazia kwa kicheko kile. Si maneno yaliyomuuma. Ni jinsi binti alivyocheka, kicheko cha nyumbani ambacho Loisi hakuwahi kukisikia tangu binti huyo aolewe.

Jioni Anastazia alimkalisha mwanawe kwenye mkeka, akamkanda miguu kwa mafuta na kumwimbia pole pole. Mtoto akapiga teke tumboni, kitenge kikainuka. "Anamjua bibi yake," Anastazia akasema. Loisi alikuwa anapepeta mtama hatua chache tu kutoka hapo. Aliupepeta mpaka mtama mzuri ukamwagika pamoja na makapi, kuku wakafaidi.

Na nguo pia. Loisi alikuwa amekata khanga zake mbili laini akashona pindo kwa mkono, ziwe za kumfungia mtoto. Anastazia akafungua begi: visweta, kofia, blanketi lenye picha ya dubu, vyote kwenye nailoni. "Hizi za khanga zitafaa kupangusia," alisema, bila ubaya wowote. Loisi akaitikia, "Zitafaa." Akaenda jikoni akakaa mbele ya mafiga yasiyo na moto.

Kila jioni walisali pamoja. Mwinjilisti wetu, Bartolomayo, alipita Alhamisi na sisi wengine wa kikundi tukafuata. Tulijaa ua mzima. Tuliomba Mungu afungue njia, ampe mama nguvu, na mtoto aje kwa saa yake. Imani ilikuwepo kweli, wala sidharau maombi yale. Wapo waliofunga siku ile.

Mwinjilisti akasema nasi. "Mungu hawahi wala hachelewi. Tazameni mama huyu Loisi. Wenzake wameingiwa na hofu, wametaka kukimbilia huku na huku, yeye ametulia. Kungoja namna hii ndiyo imani. Tujifunze kwake."

Tukasema amina. Hata Anastazia alisema amina, akampa Loisi mkono. Loisi anasema mkono ule ulikuwa wa moto na wake ulikuwa baridi, akauvuta haraka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, nikadhani ni unyenyekevu.

Kesho yake asubuhi Anastazia alikwenda Gulwe sokoni kutafuta samaki wakavu, kwa kuwa Anitha alikuwa na hamu nao. Wanaume walikuwa kwenye zizi. Loisi na Anitha wakabaki uani wanamenya karanga za mbegu. Anitha alikuwa amekaa kwenye kigoda, amenyoosha miguu iliyovimba. Alimenya kidogo, akaacha.

"Mama."

"Ee, mwanangu."

"Tangu jana anacheza kidogo. Zamani nikilala ubavu ananipiga. Sasa mpaka nimsukume."

Loisi aliendelea kumenya. "Amekosa nafasi. Mtoto mkubwa hachezi."

"Ndivyo nilivyowaza." Kisha Anitha akasema, "Mama yangu anasema twende, anasema, anasema, lakini yeye anaogopa kila kitu. Nikikohoa anaita dawa. Simsikilizi. Wewe umeniona tangu mwanzo, tumelima pamoja. Nikuulize wewe tu, na utakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Mtoto wangu amechelewa, au hajafika?"

Loisi anasema hapo karanga zilimtoka mkononi. Kwa wiki nzima alikuwa akimwonea wivu Anastazia kwa sababu ya moyo wa binti huyu, na kumbe moyo huo ulikuwa kwake. Uliwekwa mbele yake asubuhi ile bila mtu mwingine kuona. Angesema neno moja tu, hajafika, na binti angebaki, na mtoto angezaliwa chini ya paa lake. Au asizaliwe mzima.

Aliziokota moja moja mpaka Anitha akamwita tena.

"Amechelewa," Loisi akasema. "Ulipotapika shambani tukipanda mara ya pili, mbegu zile hazikuwa na dawa. Ulikuwa na mimba tayari. Nilijua tangu siku ile."

Anitha alimtazama. Hakukasirika mara moja, kwanza alikuwa anahesabu. Kisha akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Kwa nini sasa ulisema…"

"Nilitaka azaliwe hapa. Inuka taratibu. Kaa ndani, nikamwite Nathanaeli."

Alikimbia mpaka zizini, mwanamke wa makamo yake, khanga mkononi. Yotham aliposikia alikaa juu ya gogo. Nathanaeli alimpigia simu Yahaya, mfanyabiashara wa Gulwe mwenye gari, na Yahaya akamchukua Anastazia sokoni akaja naye.

Anastazia alishuka na samaki wake kwenye gazeti. Loisi akamweleza pale pale mbele ya wote, bila kupunguza.

"Ulijua," Anastazia akasema.

"Nilijua."

"Na jana nimekupa mkono."

"Ulinipa."

Sote tuliokuwa tumejikusanya tulidhani kutakuwa na maneno. Anastazia alimkabidhi Loisi wale samaki, akaingia ndani kumtoa mwanawe. Kiti cha nyuma kilimtosha Anitha akilala na mtu mmoja wa kumpakata kichwa. Anastazia akaingia hapo, Nathanaeli akakaa mbele. Loisi alikuwa ameshavaa viatu. Akasimama na viatu vyake, akaufunga mlango wa gari kwa nje, taratibu, ili usimshtue binti.

Mchana ule nilikwenda kukaa naye. Tulipiga magoti. Yeye ambaye huomba kama maji yanayotiririka alikosa maneno, ikabidi niombe mimi. Baadaye ndipo alinieleza kilichokuwa moyoni. "Nilimwomba Mungu mtoto awe mzima. Halafu nikajikuta naomba awe mzima lakini yule asiwe wa kwanza kumshika. Nikatubu. Nikaanza tena, yakatoka yale yale."

Jua lilikuwa limeanza kushuka simu ilipoita. Alikuwa Anastazia. Anitha walimfanyia upasuaji. Mtoto ni wa kike. Alikuwa amekunywa maji machafu tumboni, wanamwangalia, lakini analia vizuri. Daktari amesema amekaa kupita siku zake, ngozi imekauka mpaka inabanduka, na kwamba wasingeweza kungoja zaidi.

"Anafanana na nani?" Loisi akauliza. Ndilo swali lililomtoka.

"Na nyie," Anastazia akajibu. "Mwembamba, kichwa kirefu. Mimi ndiye niliyempokea." Akakata simu.

Loisi alipiga magoti tena, akashukuru kwa kulia. Nilimuuliza kama ni furaha. Akasema, "Ni furaha, mwenzangu, na ni hilo la mwisho alilolisema."

Walipotoka hospitali walikaa Nzuguni, kama desturi inavyotaka. Loisi alikwenda, na debe la uwele na jogoo. Alimkuta Anastazia uani na beseni, anamwogesha mtoto, amemlaza juu ya mapaja yake makubwa, anamwimbia. Anitha alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni. Alimwamkia shikamoo, kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuomba msamaha, na wewe Mama Anitha."

"Nawa mikono kwanza," Anastazia akasema. "Umekuja na vumbi lote la Gulwe."

Akanawa. Akanawa tena. Anastazia akamkausha mtoto, akamfunga kwenye blanketi la dubu, akainuka akampita Loisi mpaka kwa Anitha. Anitha akanyonyesha. Loisi alikaa na mikono yake safi juu ya magoti, akingoja. Anasema wakati ule ndipo alipojua Anastazia alikuwa anangojaje kule kwake, karibu na mtoto ambaye mtu mwingine amemzuia.

Mtoto aliposhiba, Anitha alimtazama mama yake, kisha akamtazama Loisi. Halafu akasema, "Mama, mcheulishe huyu," na hakusema ni mama yupi.

Loisi hakunyanyuka. Alimgeukia Anastazia.

Anastazia akashika kiuno, akapuliza hewa. "Mchukue wewe. Mimi mgongo umekwisha, tangu hospitali sijalala. Na usiku wa leo akilia ni wako, usiniamshe."

Loisi akampokea mtoto, akamweka begani. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Anastazia alisimama hapo hapo akimwangalia anavyompigapiga mgongo. Hakuondoka kwenda kulala kama alivyosema. Mara akasema, "Juu kidogo, si hapo."

"Najua," Loisi akasema, akapandisha mkono juu kidogo.