Ufa Chini ya Kabureta ya Pili

Kabla baba mkubwa hajagusa kabureta, gereji yetu pale Gongoni ilikuwa inanyamaza. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Redio ilizimwa, fundi wa kuchomelea aliye jirani yetu aliweka chini mashine yake ya kukatia vyuma, na hata mteja aliyekuwa katikati ya malalamiko aliyameza kwanza. Baba mkubwa alitia ncha moja ya mpira wa maji sikioni, ya pili akaisogeza kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, kisha kwenye mdomo wa nyingine, akisikiliza hewa inavyoingia kuchanganyika na petroli. Aligeuza skrubu kidogo sana, akasikiliza tena. Alitaka kabureta zote mbili zivute pumzi sawa.

Ufundi nilijifunza kwake, mimi binti wa mdogo wake, kisha nikaenda Dar es Salaam kusomea mifumo ya umeme ya magari. Nilirudi na kompyuta begani na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Wateja waliendelea kunipita wakiuliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimesimama mbele yao na spana mkononi. Hilo liliniuma, tena sana, na ndilo lililonifikisha pabaya.

Gari lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara wa tumbaku wa Goweko, mpenda mbio. Injini ilikuwa ya zamani, ya silinda nne, imechongwa na kuongezwa nguvu mpaka ikinguruma vikombe vinatetemeka kwa mama lishe ng'ambo ya barabara. Miaka yote aliyeitunza ni baba mkubwa. Mwaka ule ikapata ugonjwa: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto mlio wake unapanda na kushuka, na gari likisimama linatetemeka na kuzima. Baba mkubwa aliisikiliza siku tatu.

"Kabureta hazina kosa," akasema. "Inavuta hewa mahali. Chini huku."

Nilikagua. Asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi, nilinyunyizia petroli kidogo kwenye maungio yote ya manifoldi, lile bomba la aluminiamu linalopeleka hewa na mafuta kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda. Kungekuwa na upenyo, mlio ungebadilika. Haukubadilika. Basi nikamwambia, mbele ya mteja, maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nafumba macho.

"Baba mkubwa, labda ni masikio yamechoka."

Aliufuta mpira wake kwa kitambaa, akautundika msumarini. Mteja alikohoa kidogo, akaniuliza huo mfumo mpya wa umeme, usio na kabureta, ninaousifia kila siku utachukua muda gani kuufunga.

Ulichukua wiki mbili. Nilipata manifoldi yenye nozeli kutoka kwenye injini mpya ya jamii ileile, pampu ya mafuta ya umeme, sensa za kupima hewa na joto, na kontroli boksi ya kuamua kila nozeli imwage petroli kiasi gani. Kazi ilikuwa safi, sitajidharau kwa hilo.

Lakini siku ya pili tu, nilipofungua manifoldi ya zamani na kuigeuza, niliona chini ya pale ilipokaa kabureta ya pili pana ufa mwembamba kama unywele. Niliiweka juu ya jiko la mkaa tunalochemshia chai. Ilipopata moto, ufa ukafunguka. Ilipopoa, ukajifunga. Ndiyo maana asubuhi ile sikupata kitu. Baba mkubwa alikuwa hatua kumi tu kutoka nilipo, anakunywa kahawa yake. Ningemwita. Jirani angeuchomelea ule ufa siku hiyohiyo, kabureta zikarudi mahali pake na gari likapona. Badala yake niliifunga manifoldi kwenye gunia, nikaisukuma chini ya meza ya kazi. Nilijiambia nitamweleza kazi ikiisha.

Siku ya kuliwasha, baba mkubwa alikuja mapema, akachukua mpira wake msumarini, akasimama pembeni akingoja. Mimi nilichomeka kompyuta na kutazama namba. Redio iliendelea kuimba. Jirani aliendelea kukata vyuma, cheche zinaruka, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kusikia chochote. Baba mkubwa aliangalia huku na huku kama mgeni aliyefika na kukuta harusi imehamia nyumba nyingine. Kisha akaurudisha mpira msumarini.

Gari lilikwenda Kwihara na kurudi, kwenye vumbi la njia ya misafara ya zamani, bila kukwama hata mara moja. Mteja alinipa mkono mimi kwanza. Nilifurahi, na papo hapo nikaona aibu.

Tangu hapo baba mkubwa akawa anakuja kwa kuchelewa, baadaye Ijumaa tu baada ya swala, baadaye haji kabisa. Mtu akimpelekea hata pikipiki aisikilize, anamwambia, "Mpelekee binti. Masikio yangu yamechoka." Nilipoletewa habari hiyo nilikaa chini. Gunia nikaliacha palepale chini ya meza.

Imepita miaka minne. Mwezi uliopita niliibeba manifoldi kwenye gunia lake, nikampelekea nyumbani.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umebeba nini?"

Niliiweka mapajani mwake. Macho siku hizi hayamsaidii sana, kwa hiyo aliipapasa kwa kidole gumba, polepole, mpaka ukucha ukakwama kwenye ufa. Akatabasamu.

"Nilisema inavuta hewa."

"Ulisema, baba mkubwa."

"Umeuona lini?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Jibu la kweli lilikuwa tayari mdomoni.

"Juzi," nikasema. "Nilikuwa nasafisha chini ya meza."

Alinisikia nalia, akanishika mkono.

"Usilie, mwanangu. Hukujua. Ungejua siku ile, ungeniambia."