Tanzia ya Mzee Ujirani

Marijani wa Chamazi kama hamumjui kwa sura, masikio yenu yanamjua. Ndiye apitaye na baiskeli ya spika akitangaza dawa ya panya, watoto waliopotea, harusi na misiba. Sauti yake nzito, hata mbu husubiri amalize ndipo wang'ate. Spika ni yake, ila betri ni ya jirani yake Gregori. Tangu ujana wao wanatembea hivyo: Mwislamu mbele anatangaza, Mkristo nyuma kapakata betri.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa. Mgombea Mbwana akasema kumpigia kura yeye ni ibada. Mgombea Fredrick akasema kumpigia yeye ni sadaka. Basi mtaa ukapasuka kama tikiti. Watu wakawa wananunua maandazi kwa dini, na kuku wa shoga yangu Tunu wakakatazwa kudonoa uwanja wa upande wa pili. Wenzake Gregori wakamwuliza, "Betri yako inasemea upande gani?" Akaona haya, akaibeba, akajifungia ndani.

Marijani akabaki na spika bubu. Akawa hali, anamtaka mwenzake tu.

"Si ukamwombe arudi?" mkewe Salma akamwambia.

"Atarudije na mtaa mzima unamkodolea macho? Ngoja kwanza niugeuze mtaa."

Akaanza kwa mdomo mtupu, kwa maneno ya dawa ya panya: "Siasa ikiingia msikitini na kanisani inatafuna waya, inatafuna nguo, inatafuna jirani!" Watu wakauliza pakiti bei gani. Akahamia mipasho ya taarabu, kiuno anakizungusha. Kila mwanamke akadhani kasemwa yeye, wawili wakavuana ushungi. Akatangaza kama mpira: "Fredrick anapiga kichwa, Mbwana anadaka, na mpira wenyewe ni sie wananchi!" Watu wakashangilia, wakauliza nani kafunga.

Ndipo asubuhi moja akasimama njia panda, akaivalisha sauti majonzi: "Tanzia! Tanzia! Mzee Ujirani wa mtaa huu hatunaye tena. Kafariki baada ya kuugua siasa. Msiba uko kwangu."

Yeye alikusudia fumbo. Lakini nani huku kwetu akisikia tanzia anatafuta fumbo? Anatafuta jamvi! Jua halijafika utosini, turubai limefungwa, pilau inachemka, kina mama tunaomboleza. Mie nililia mpaka bata wakaogelea.

"Ujirani yupi huyo?" Tunu akaninong'oneza.

"Yule mrefu wa bondeni," nikamwambia.

"Maskini! Alinipaga chumvi!"

Wagombea wakafika mbio, maana mgombea gani anakosa msiba? Mbwana akasema, "Marehemu ni muumini wetu, na kura yake alishaniahidi." Fredrick akaruka, "Mzee Ujirani? Mbona kwetu aliimba kwaya, sauti ya besi!" Likachimbwa kaburi huku, likachimbwa kaburi kule. Alipotokea mtu kuuliza maiti iko wapi, kila upande ukadhani mwenzake kaiiba. Miiko ya pilau ikainuliwa juu.

Hapo Gregori akaingia, betri kifuani, macho mekundu.

"Marijani, msiba bila spika utaendaje? Mbona hukuniita? Huyo mzee simkumbuki vizuri, lakini nimeshindwa kukaa ndani."

"Umewahi, hajazikwa."

"Alikuwa dini gani?"

"Nusu spika, nusu betri."

Gregori akamtazama. Akaitazama betri. Kicheko kilipomshika akakosa pa kukaa, akakalia sinia langu la pilau.

Wakaunganisha waya. Marijani akanguruma: "Tangazo! Mzee Ujirani kaonekana Mbagala ananunua mihogo, mzima wa afya. Mazishi yameahirishwa, pilau haijaahirishwa!"

Wagombea wakachomoka kwenda Mbagala, kila mmoja na njia yake, wamuwahi kabla hajaahidi kura kwingine. Mpaka leo wanamtafuta, na uenyekiti tukampa Tunu kwa sababu ndiye aliyebaki kuosha masufuria.

Ule waya ulikuwa umelegea siku ile, Gregori akaubana kwa vidole ili sauti itoke. Fundi keshajitolea kuukaza mara chungu nzima. Marijani hataki. Anasema ukiukaza, mtu anaweza kuiacha betri kwenye baiskeli akaenda zake.